Mistari ya Mama Turan

28 Farvardin

Skrini imefika. Mume wangu Bahman na dereva waliipandisha ngazi, na mamamkwe wangu alisimama mlangoni akitoa amri, mara kushoto, mara kulia, mara angalieni ukuta wangu. Ilipowekwa mezani akaitazama, akasema, "Hii ni skrini au ni mlango wa msikiti?" Kwa Mama Turan hiyo ni sifa kubwa.

Tumeinunua kwa ajili yake. Miaka arobaini amechora ramani za mazulia kwenye karatasi ya miraba, mraba mmoja fundo moja, na akimaliza alikuwa anazitandaza karatasi zote sebuleni kisha anapanda ngazi kuzitazama kwa juu. Sasa magoti hayataki ngazi, na daktari wa Kashan amesema katikati ya jicho lake la kulia panaharibika polepole. Hilo halisemwi nyumbani humu. Tunasema magoti.

Kazi yenyewe ni bustani. Bwana Arsalan, mwenye karakana ya kufuma, ameagiza zulia kubwa la bustani inayotazamwa kwa upana, mikomamanga, milozi, ndege, kijito, na hakuna upande unaorudia mwenzake. Ramani nyingi unachora robo tu, kompyuta inageuza na kukamilisha. Hii lazima uione nzima, la sivyo mti wa huku utapigana na mti wa kule. Mama alichora kwa mkono, mimi naingiza kwenye kompyuta fundo kwa fundo. Mafundo elfu mbili na mia nane kwa upana, karibu elfu mbili kwa kimo. Nimesoma boksi la skrini: nukta zake za kuunda picha zinazidi hapo. Kila fundo litapata nukta yake na chenji itabaki.

Nimeiunganisha mwenyewe kwa waya wa skrini ya zamani, nikauongezea kiunganishi kilichokuwa ndani ya boksi. Ikawaka mara moja. Nimejisifu kidogo.

2 Ordibehesht

Mwezi mpya, na waridi la marashi limeanza. Bahman ametoka kabla ya jua kwenda shambani. Mji wetu wa Qamsar wote unanukia, na wageni wa kwanza wameshaanza kuziba barabara kwa magari yao.

4 Ordibehesht

Leo Mama Turan ameketi kwenye kiti chake karibu na dirisha na kutazama bustani nzima kwa mara ya kwanza. Nilisimama nyuma yake nikisubiri aseme neno zuri.

"Farangis jan," akaniita kwa upole, "mistari yako imekatika."

"Ipi, Mama?"

"Ya pembeni. Komamanga halina ngozi. Yule ndege hudihudi shingo yake imekatwa. Nani amemchinja?"

Kila umbo kwenye ramani huzungushiwa mstari wa rangi ya nili wenye unene wa fundo moja. Bila mstari huo rangi zinamwagikiana. Nikakaa, nikaikuza picha mpaka mafundo yakaonekana moja moja, nikamzunguka hudihudi mwili wote, kichwa, shingo, mgongo. Mzima kabisa. Nikamwambia. Akasema, "Haya," kwa ile sauti yake ya kutokubali.

5 Ordibehesht

Imekatika tena. Leo ni mlozi.

6 Ordibehesht

Mlozi, kijito, na komamanga la pili kutoka chini. Nikikuza, mizima. Nikirudisha picha ndogo niione yote, ananyoosha kidole kutoka kitini: "Pale. Na pale." Nimekagua mpaka macho yamelia. Ningekuwa mtu wa hasira ningesema kitu. Nimekwenda kupika mchele badala yake.

7 Ordibehesht

Mvua asubuhi. Maua yaliyolowa hayana harufu ya maana, na Bahman anatembea nyumbani akinung'unika kama birika lililosahauliwa jikoni. Mama yake amemwambia mvua haikuja kwa ajili yake binafsi.

9 Ordibehesht

Nimechoka. Leo amenifundisha tena jinsi ya kuzungusha mstari, mimi niliyefanya kazi hii miaka kumi na moja, sita kati ya hiyo mbele ya macho yake. "Mstari ni ahadi," akasema. "Mfumaji yuko kijijini, hakujui, hakuoni. Anakuamini. Ukimkatia mstari umemdanganya."

"Mama, sijamdanganya mtu. Haijakatika."

"Basi nimeota."

Bahman alikuwa anakula. Akainua kichwa, akatuangalia, akakirudisha kwenye sahani. Ana akili nyingi mume wangu.

Ili amani ipatikane nimefanya alivyotaka. Kila alipoonyesha kidole nimeongeza safu ya pili ya mafundo kando ya ile ya kwanza. Kwa mbali akatazama, akatabasamu. "Umeona? Sasa hudihudi anapumua." Akanipiga busu kwenye paji la uso, na harufu yake ya iliki ikanifanya nisahau nilichokuwa nimekasirikia. Nimeipeleka ramani ya kona ya chini kwa Bwana Arsalan wafume kipande cha majaribio.

11 Ordibehesht

Jua kali. Maua mengi. Sisi wanawake tumekaa uani kuchambua waridi mpaka mchana. Mama ameimba. Sauti yake mbaya haina mfano na hakuna aliyethubutu kumwambia.

13 Ordibehesht

Hakuna jipya. Kuongeza safu. Chai.

16 Ordibehesht

Kipande cha majaribio kimerudi, na Bwana Arsalan amekileta mwenyewe, jambo ambalo halifanyi kwa habari njema. Amekitandaza juu ya meza bila kunywa chai.

"Bibi Turan," akasema, "mimi naheshimu mkono wako tangu baba yangu yuko hai. Lakini haya ni makomamanga au ni mateka wa pingu?"

Nilikitazama. Mistari minene, mizito, imevimba hapa na kupungua pale, pasipo mpango. Hudihudi alionekana amefungwa kamba shingoni. Mahali nilipoongeza safu palikuwa na mistari miwili, mahali ambapo Mama hakunyoosha kidole palikuwa na mmoja, na sufu haijui kusamehe.

Mama Turan alikipapasa kwa vidole. Hakukitazama, alikipapasa. Kisha akasema, "Farangis aliongeza kwa sababu ilikuwa imekatika."

Hapo ndipo nilipokosa adabu. Bwana Arsalan yupo, aibu imenipanda mpaka masikioni, nikasema: "Haikuwa imekatika, Mama. Ilikuwa mizima tangu mwanzo. Ni macho yako."

Uani nilisikia wanawake wakicheka jambo lao. Mama Turan akakikunja kipande mara mbili, vizuri, kana kwamba ni shuka.

"Basi ni macho yangu," akasema. "Bwana Arsalan, msimamizi mwingine atafutwe. Mtoto huyu mkono wake ni mzuri, anahitaji mtu anayeona."

Bwana Arsalan alikuwa na haya kuliko mimi. Akasema waridi likiisha nyuzi zitatandikwa kwenye mtambo wa kufumia. Kama ramani haitakuwa safi siku hiyo, atampa mchoraji mmoja wa Isfahan aanze upya na bustani yake mwenyewe. Alipoondoka nilimfuata Mama jikoni nikaomba radhi. Akanipapasa shavu, akaniambia hakuna cha kusamehe kwenye ukweli. Afadhali angenipiga.

17 Ordibehesht

Hakuingia chumba cha kazi.

18 Ordibehesht

Hakuingia. Yuko uani na maua. Anachambua kwa vidole, hahitaji kuona, ameniambia hivyo kwa furaha ambayo siiamini.

19 Ordibehesht

Nilijua mamamkwe wangu ni mkali. Nilipoolewa mama yangu mzazi alinionya. Kumbe miaka yote hii nilikuwa nafanya kazi nikisubiri ile "Haya" yake nyuma ya bega langu, na sasa kwa kuwa hakuna mtu wa kunikosoa mkono wangu unakwenda kama haujui unakwenda wapi. Nimeondoa safu zote za pili. Ramani imerudi ilivyokuwa. Nimeikagua nikiwa nimeikuza, kila umbo, na ni safi. Na sina furaha nayo.

Bahman amesema, "Muombe arudi."

"Nimeomba."

"Muombe kwa hila. Huyo ni mama yangu, maneno ya kunyooka hayamwingii."

21 Ordibehesht

Leo nimeona.

Nilichukua chai nikaenda kukaa kwenye kiti chake, kwa kumkosa tu, karibu na dirisha. Nikaitazama bustani nzima kutoka pale anapotazama yeye. Sijawahi kufanya hivyo. Mimi hukaa karibu, hukuza, hufanya kazi kwenye jani moja. Kazi ya kuona yote ni yake.

Shingo ya hudihudi ilikuwa imekatika.

Komamanga halikuwa na ngozi. Mstari wa kijito ulikuwa unaonekana na kupotea, unaonekana na kupotea. Nikasugua macho. Nina miaka thelathini na nne na sijawahi kuvaa miwani. Nikaenda karibu, nikaikuza picha: mzima. Nikaipunguza ienee yote: umekatika. Nikafanya hivyo mara nyingi, na kila mara nilikuwa namwona Mama akinyoosha kidole.

Nikampigia simu Golnar. Tulisoma pamoja, sasa ana duka la kutengeneza kompyuta Kashan, na hajawahi kunijibu bila kunitania.

"Shoga, umenikumbuka! Kuna harusi au kuna kitu kimeungua?"

Nikamweleza. Akaniambia nifungue mipangilio nimsomee skrini imewekwa nukta ngapi. Nikasoma: elfu moja mia tisa na ishirini kwa upana. Akacheka mpaka nikataka kukata simu.

"Umenunua jumba la vyumba arobaini, unaishi stoo," akasema. "Ramani yako ina mafundo elfu mbili na mia nane. Kompyuta ina nukta elfu moja mia tisa za kuyaweka. Ukitaka yote yaenee itafanyaje? Inayatupa mengine. Kwa kimo ndiyo balaa zaidi, inatupa karibu nusu. Mstari wa fundo moja ukiangukia safu inayotupwa, kwaheri. Mstari wenye mafundo mawili unanusurika."

"Lakini boksi la skrini limeandika..."

"Skrini haina kosa. Wewe una kadi ya picha?"

"Sina."

"Basi picha inachorwa na prosesa yenyewe na kutoka kwenye matundu ya ubao mama, ule ubao mkuu ndani ya kompyuta. Prosesa inaweza kuchora picha kubwa, sawa, lakini kila tundu la ubao lina kikomo chake, na ubao wako ni wa zamani. Waya umeuchomeka wapi?"

Nikapiga magoti nyuma ya meza na tochi ya simu. Lile tundu pana, jeupe, lenye vishimo vingi. La skrini ya zamani.

"Hilo halivuki nukta hizo hata ukilinunulia skrini ya ukubwa wa ukuta," akasema Golnar. "Na kiunganishi ulichoweka hakiongezi kitu, kinabadilisha umbo la mdomo tu. Nakuja kesho na waya wa lile tundu jembamba la pembeni. Niandalie kitu cha kula."

Nimekaa sakafuni baada ya simu. Mama Turan hakuota. Aliona kilichokuwepo, pamoja na jicho lake bovu. Mimi nilikuwa naitazama ramani, yeye alikuwa anaitazama skrini, na mimi ndiye niliyemwambia mbele ya mgeni kwamba haoni.

22 Ordibehesht

Nilikimbia uani asubuhi kumwambia. Nilimweleza yote, matundu, nukta, ubao. Alinisikiliza akichambua maua.

"Wewe ni mtoto mwema," akasema.

"Mama, ni kweli!"

"Najua. Bahman alipokuwa mdogo nilimwambia mbuzi wake tuliyemchinja amekwenda kutembea kwa shangazi. Nilisema vizuri hivyo hivyo." Akanijaza petali mkononi. "Sitaki kuhurumiwa, binti yangu. Nimezeeka, si msiba."

Golnar amefika adhuhuri na waya, amekula sahani mbili za wali na kukuta kwamba hana wa kumshangilia. Amechomeka, akabadilisha mipangilio, na bustani ikatulia yote, kila mstari mahali pake. Nilipiga kelele. Kisha nikashika kipanya, na mshale ukavuka skrini kama umelewa.

"Hiyo ndiyo bei," akasema Golnar. "Tundu hili kwenye ubao wa umri huu linatoa nukta zote, lakini linapeleka picha mara ishirini na nne tu kwa sekunde, si sitini. Kwa kuchora utatukana. Ukitaka vyote viwili, kadi, na kadi siku hizi hata mimi sizioni. Uchague."

Nikamwambia aurudishe waya wa zamani kwanza. Akanitazama kama mimi ndiye mgonjwa.

"Uurudishe," nikasema. "Nina hila."

23 Ordibehesht

Waridi linakaribia kuisha. Bahman amesema siku tatu, nne.

Nimekwenda uani, nimekaa karibu na Mama, nikasema: "Sikuombi usimamie kitu. Ila nataka kujua ulikoona mistari imekatika. Niambie tu, nisije nikarudia."

"Umeshafuta yale yaliyovimba?"

"Yote."

"Basi shida iko wapi?"

"Niambie tu, Mama. Kwa kumbukumbu."

Hawezi kuacha kufundisha. Ndiyo udhaifu wake mkubwa, na nilijua. Akafumba macho katikati ya maua yake. Hudihudi, chini ya utosi, upande wa kijito. Komamanga la pili, bega la kushoto. Mlozi, pale tawi linapogawanyika, mkono wa juu. Alisema moja baada ya jingine bila kusita, na Golnar, aliyelala kwetu kwa sababu ya msongamano wa magari, alikuwa ndani kwenye kiti cha Mama dirishani, akitazama skrini. Dirisha lilikuwa wazi.

"Hudihudi," Golnar akapaza sauti, "kweli, amechinjwa!"

Mama akafumbua macho.

"Komamanga, bega la kushoto, hakuna kitu! Bibi Turan, tawi la mlozi limekatika pale pale uliposema! Nina macho ya tai mimi, na naapa limekatika!"

Mama Turan aliinuka, maua yakamwagika kutoka mapajani, magoti yakalia na hakuyajali. Akaingia ndani. Akasimama mbele ya skrini na Golnar akamwachia kiti. Mama hakukaa.

"Wewe unaona?" akamuuliza.

"Naona, Bibi."

"Na wewe?"

"Naona, Mama. Tangu juzi. Nilikuwa sijawahi kukaa hapo."

Nikainama nyuma ya meza, nikachomoa waya mmoja, nikachomeka mwingine. Skrini ikawa nyeusi, ikarudi. Bustani ikawa nzima.

Sijui niandikeje hili. Mama Turan aliketi taratibu kama mtu anayeketi kwenye sofa la wenyewe. Alitazama kuanzia juu kulia, ukingoni, kama anavyosoma maandishi yetu. Alipita miti yote. Golnar kwa mara ya kwanza maishani mwake alifunga mdomo. Nikataka kumwonyesha kitu nikashika kipanya, na mshale ukaanza kutambaa.

"Samahani, Mama, huku picha iko pole pole, Golnar anasema bila kadi..."

"Pole pole?" akasema bila kugeuka. "Zulia linakwenda wapi?"

Tumekubaliana hivyo. Nitachora kwa waya wa zamani, na kila jioni nitachomeka mpya, aitazame bustani yake.

24 Ordibehesht

Leo nimeandika kwa mkono unaonukia waridi, kwa hiyo herufi zinateleza.

Amekaa kitini tangu asubuhi. Kabla ya chai ya pili akasema, "Farangis jan. Mkomamanga, shina. Umekosea."

Nikaikuza. Shina limesogea fundo moja kuelekea kushoto, kwenye urefu mzima wa vidole vinne. Kosa langu halisi, la kizembe, nililolipita mara mia nikiwa karibu. Sijawahi kufurahi hivyo kwa kukosolewa. Machozi yalinitoka.

"Unalia nini? Ni fundo moja."

"Nalia kwa sababu ni kweli, Mama."

"Wazimu," akasema, na akanishika mkono, hakuuachia upesi.

Bwana Arsalan amepiga simu. Mama amemwambia ramani itakuwa kwake keshokutwa na mtu wa Isfahan aendelee na bustani zake. Nilimsikia Bwana Arsalan akicheka kwa faraja.

Mchana akaona kosa jingine, kwenye kijito, na alikuwa sahihi. Kisha kabla ya magharibi akanyoosha kidole katikati ya skrini. "Hapo majani yamezama. Kuna giza."

Nikakaa kwenye kiti chake. Nikatazama kutoka pale pale alipotazama. Majani yalikuwepo, kijani juu ya kijani, kila mstari umekamilika. Nikatazama tena, nikitamani nione giza. Nikafikiria kunyamaza.

"Mama," nikasema, "hapo pako sawa."

Akafunika jicho la kulia kwa kiganja, akatazama. Akafunika la kushoto, akatazama. 

"Giza hilo sasa ni langu," akasema. "Makosa yale ya kwanza hayakuwa yangu." Akasogeza kiti kidogo kulia, ili bustani imwangukie upande wa jicho zima la kushoto. "Sawa. Nimejua mpaka wangu uko wapi. Tuendelee na milozi."